Asidi Iliyoganda Kwenye Friji ya Maabara

Jumatatu, 24 Machi
Nimeosha mirija ya majaribio ya Kidato cha Tatu. Paa la stoo linavuja tena, nikahamishia chupa za asidi kwenye friji ya maabara. Hapa Mutomo mvua ikija, inakuja kwa fujo.

Jumanne, 25 Machi
Ajabu. Asidi ya salfuriki ya chupa mpya haijaganda. Ya chupa ya zamani imekuwa jiwe. Friji ile ile, nyuzi tano.
Musyoka, mwalimu wa kemia, akaitazama. "Mwende, hii umeongeza maji. Ile ingine uliuzia watu wa betri?"
Ijumaa anaipeleka kwa mkuu wa shule. Mkataba wangu wa ufundi wa maabara unaisha mwezi ujao. Nimekasirika hadi chakula kimenishinda.

Jumatano, 26 Machi
Nimefukua kitabu cha chuo. Asidi tupu, isiyo na maji, huganda kwenye nyuzi kumi hivi. Ikipata maji kidogo, kama hii mpya inavyotoka kiwandani, inakataa kuganda kwenye nyuzi tano. Asidi ikishuka hadi asilimia themanini na nne hivi, inaganda tena, kwenye nyuzi nane. Maji yakizidi, inakataa tena. Tabia gani hii?
Nikaiyeyusha ile ya zamani, nikadondosha kiasi kwenye mrija wenye maji kidogo, nikauweka juu kwenye sehemu ya barafu ya friji. Haikuganda. Nikacheka peke yangu.
Lakini basi Musyoka hajakosea. Maji yameingia. Yamepitia wapi?

Alhamisi, 27 Machi
Jana niliacha asidi mpya kwenye kisahani juu ya mizani. Leo imeongeza uzito. Inakunywa unyevu wa hewa!
Nikapima chupa ya zamani. Ni nzito kuliko ilivyoandikwa kwenye daftari la stoo. Asidi ni nzito kuliko maji. Ningeiba nikajazia maji, chupa ingekuwa nyepesi. Nilipiga meza kwa furaha.
Halafu nikaona mdomo wa chupa. Kifuniko kilipovunjika mwaka jana, niliifunga kwa nailoni na blada, ule mpira wa kufungia mizigo ya boda. Mimi mwenyewe. Sikumwambia mtu.

Ijumaa, 28 Machi
Musyoka alipima mara mbili mbele ya mkuu, akapata uzito ule ule. Hakuna aliyeuliza kuhusu kifuniko. Nikasema mwenyewe. Niliona aibu.
Mkataba, mkuu atafikiria. Ufunguo wa stoo amepewa Musyoka.
Saa kumi alikuja maabara na mirija sita mitupu. Akauliza tuanze na maji kiasi gani, tuone upi utaganda.