Mawese kwenye Chukudu ya Papa

Muheto, Alhamisi. Ukungu umekaa juu ya kilima tangu asubuhi na hauna haraka. Niko jikoni kwa Mama, mugongo kwa moto, simu mukononi. Rezo ya simu, ule mutandao, inakuja, inaondoka. Ikinipa nafasi, haya mutayasoma. Isiponipa, yatabakia siri yangu na mbuzi wa jirani.

Lakini leo moyo umejaa mpaka juu, kwa hiyo ninaandika.

Kwanza, wenye kunisoma, muwe na adabu kidogo. Yule kijana muliyemuzoea, aliyefika mwaka wa nne wa sekondari kisha vita ikaja, familia ikakimbilia Lushebere na masomo yakabakia njiani, huyo hayuko tena. Huyu anayeandika iko na cheti. Cha useremala. Cha ng'ambo.

Narudia kwa wale wanaokaa nyuma: cha ng'ambo.

Muhula muzima nilikaa Tabora, Tanzania. Parokia ilitafuta vijana wawili wa kupeleka kwenye shule ya ufundi kule, mumoja wa huku kwetu Masisi na mumoja wa Walikale. Wa Walikale alikuwa Prosper, mutoto wa pori, mupole, anayeongea mara mbili kwa siku. Wa Masisi nilikuwa mimi, kwa hiyo maneno ya chumba chetu hayakupungua.

Papa yangu ni fundi wa chukudu. Kwa wale wa Tabora wanaonisoma sasa kwa siri: kwetu chukudu ni pikipiki ya mbao isiyo na mota. Magurudumu mawili, usukani, na ubao wa kupigia goti. Inateremka na magunia ya maharagi mpaka sokoni Sake, na fundi wake anaheshimiwa kuliko mwalimu.

Siku ya kuaga, Papa aliniuliza jambo moja tu.

"Huko unaenda, iko na kilima?"

Nikasema sijui.

"Basi batakufundisha nini?"

Akaongeza kwamba nikirudi bila kitu cha kumuonyesha, muhula wa pili nisiutaje tena mbele yake. Patasi iko hapa, inaningojea.

Ninakiri kwamba wiki ya kwanza nililia. Si sana, machozi ya muntu mwenye afya. Tabora ni bapa. Ukiangalia mbele unaona mbele, ukigeuka nyuma unaona kitu kilekile. Sikujua nielekeze uso wapi. Na maharagi yao hayajui mawese. Walicheka namna ninavyoongea, nami nikacheka namna wanavyokula, tukawa sawa.

Mwisho wa muhula kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza kitu kimoja kwa mikono yake, na kifanye kazi mbele ya Mwalimu Masanja. Wenzangu wakachonga viti na vitanda. Kiti. Muntu anavuka mipaka kwa ajili ya kiti? Mimi nikatangaza chukudu. Nikasema itabeba magunia na itaenda yenyewe, kazi ya dereva ni kupiga goti na kusalimia watu. Nilisema bwenini, nikasema kwenye foleni ya chakula, nikasema hata kanisani, lakini nje.

Nikaitengeneza vile Papa anatengeneza. Muti wa mukaratusi, magurudumu ya muti, ekseli ya muti ndani ya tundu la muti, kavu kabisa. Mafundi wa kisasa wa Goma wanatia beringi za gari. Papa anasema hiyo ni ya wavivu. Na mafuta hapaki kamwe. Kwenye mteremko wetu, na mzigo juu, ule ukavu njo unaishika isikukimbie, na kelele yake njo honi. Ukiipaka mafuta utafika Sake mbele ya kivuli yako.

Siku ya mtihani wakanipakilia magunia ya unga wa mbao. Nikaweka goti. Nikasukuma kwa mguu, kwa madaha, nikainua mkono kuwasalimia wasichana wa darasa la ushonaji.

Ikalia kwiii. Ikasimama.

Nikasukuma tena. Kwiii. Ikasimama. Mkono bado uko juu.

Kulwa, kijana wa palepale, mumoja wa wale waliochonga viti, akasogea akaiangalia kwa huruma.

"Mkongo, tumwite daktari wa mifugo?"

"Inangoja kilima," nikasema.

"Basi kaa nayo hapo. Kilima cha karibu utakifikia kesho kutwa."

Njo pale nilielewa. Maisha yangu yote sijawahi kuona chukudu kwenye tambarare. Kwetu inashuka na mzigo, ao inapanda tupu huku unaisukuma na kuitukana. Ya katikati hakuna. Nilibeba kilima cha Muheto kichwani mpaka Tabora, nikadhani kila muntu anacho.

Mwalimu Masanja hakucheka, na hilo liliniuma zaidi.

"Baada ya chakula cha mchana nionyeshe tena," akasema. "Isipokwenda, kijana wangu, nitaihesabu kuwa kuni."

Kuni. Chukudu ya mutoto wa fundi.

Sikula. Kulwa alikuwa na kopo la grisi na kila muntu alijua. Lakini kumuomba Kulwa? Afadhali kuni. Prosper akaja, akaniangalia, akaondoka, akarudi na chupa yake ya mawese.

Lazima muielewe chupa ile. Mama yake aliyapika mafuta hayo kule Walikale. Prosper alivuka nayo mipaka ikiwa imeviringwa ndani ya sweta, na muhula wote aliyapima kwa kifuniko, kifuniko kimoja kwa maharagi ya Jumapili. Mimi niliyaomba mara nyingi na nikanyimwa mara zote.

"Prosper, hiyo ni chakula."

"Kaka, nimechoka kusikia kwiii."

Akayamimina yote kwenye ekseli.

Mchana ikaenda. Ilienda kimya kama paka, ikiacha nyuma harufu ya jikoni. Nikazunguka uwanja wa shule, na Kulwa akaruka akakaa juu ya magunia bila kualikwa. Mwalimu Masanja akavua miwani, akauliza breki iko wapi. Nikamuonyesha kambambili, ile ndala ya mupira niliyopigilia juu ya gurudumu la nyuma, unaikanyaga, inashika. Akaandika kitu. Akaangalia tena, akaandika tena.

Nikafaulu. Nikawa wa pili. Wa kwanza alileta kabati yenye kioo, na kioo si useremala, nitalalamika mpaka uzee.

Sasa turudi kwa Papa.

Tangu nifike juzi, cheti kiko juu ya meza na Papa anakizunguka kama muntu anayezunguka nyoka ambaye labda amekufa. Mama amechoka na mimi, anasema ninaongea kama redio. Nikawahadithia mambo ya Tabora, kwiii na mawese na yote. Papa akasikiliza huku anachonga usukani ulioagizwa na muntu. Leo mchana akaweka patasi chini.

"Karatasi nimeiona. Sasa onyesha kitu."

Nikajua muhula wa pili umepanda juu ya mizani. Nikaenda kumuomba Mama mawese.

"Ya kutia wapi?"

"Kwenye chukudu ya Papa."

Mama akaangalia moto, kisha akaniangalia mimi. "Njo hii batoto banasomaka huko?" Lakini akanipa, kidogo, ndani ya kikombe.

Muheto hatuna tambarare. Tuna kiwanja cha mupira tu, na hicho nacho kimelala upande. Timu inayocheza kutoka juu njo inashindaka. Nikaipeleka chukudu kwenye goli la chini. Papa alipoona ninapaka mafuta kwenye ekseli yake, akarudi nyuma.

"Unataka kuniua?"

"Haitashuka, Papa. Itapanda."

"Itapanda na nani?"

"Na wewe juu."

Papa ni muntu munene. Akapiga goti kwenye ubao aliouchonga mwenyewe, akashika usukani, uso umekunjwa kama anangoja sindano. Watoto wakaacha mpira. Wakubwa wakatoka mashambani kutazama. Mimi nilikuwa nacheka kwa nje, lakini ndani hapakuwa na kicheko. Kule Tabora ilikuwa tambarare. Kupanda sikuwahi kujaribu. Ikikwama hapa, nilijisemea, kile cheti ni cha Mama kuwashia moto, na Papa atakuwa na haki.

Nikasukuma.

Ikaenda. Polepole, lakini ikaenda, na bila kelele. Ule ukimya njo ulimushtua Papa. Akageuza sikio upande wa gurudumu, kama muntu aliyezoea mke mwenye kusema mingi na leo amenyamaza. Tukapita katikati. Nikafika goli la juu, mapafu nimeyaacha nyuma, lakini sikuonyesha. Nilipiga mluzi.

Papa akashuka. Akagusa ekseli, akanusa kidole, akakiramba.

"Ya kupanda, sawa," akasema. "Ukifika juu, unapangusa. Ya kushuka inabakia kavu."

"Ndiyo, Papa."

"Hiyo hawakukufundisha."

"Hapana, Papa."

Akashika chukudu yake, akaondoka nayo. Neno la muhula wa pili hakulitaja. Nami, na mudomo huu wote, sikuthubutu kuuliza.

Njo maana nimekaa hapa na simu. Na njo maana ninasikia kinachosemwa nje, kwa sababu Papa amesimama na jirani, Papa Bauma, nyuma ya ukuta huu wa jikoni, na ukungu hauzuii masikio.

"Mafuta ni ya kupanda tu," Papa anasema. "Nilifikiri sana juu ya hiyo maneno."

Yeye. Alifikiri sana.

"Na kijana?" jirani anauliza.

"Kijana anarudi kule. Bale batu ba Tabora iko mambo mingi hawajaelewa. Anaenda kubasaidia."

Nimesimama ili nitoke, nieleze wazi nani alifikiri nini. Mama amenishika kwa macho. Nimekaa.

Watu wananiulizaka maringo haya nimeyatoa wapi. Waje wasimame nyuma ya ukuta huu.

Ninarudi Tabora.

Kesho ninatafuta chupa kubwa yenye kifuniko kinachofunga vizuri, na sweta ya kuiviringa. Safari hii nitavuka na mawese ya kumurudishia Prosper mimi mwenyewe, na sitagusa hata tone. Kulwa ataomba. Nitamunyima.

Labda kifuniko kimoja, Jumapili.