Nataka Kurudi Wodi Niliyoitukana

Mpendwa mshauri, nisamehe, barua hii nilikuwa nikuandikie tangu mwezi wa pili, lakini nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu, Emmett, ninayemlea peke yangu, na kila nikishika kalamu yeye anashika kitu cha kuvunja, basi naomba msaada sasa kabla Ijumaa haijafika.

Mimi ni muuguzi, hapa Nebraska. Nilianza kazi katika hospitali ya mji wetu mdogo, na aliyenifundisha ni Verna Stutzman, kiongozi wa zamu, mwanamke anayemtazama mgonjwa toka mlangoni akajua presha inashuka kabla mashine haijasema. Miaka mitatu iliyopita niliacha nikawa muuguzi wa mkataba, wiki kumi na tatu hospitali hii, kumi na tatu ile, mshahara karibu mara mbili, na siku ya kuaga, wenzangu wamenikatia keki, nikasema mbele ya wote, "Mnaobaki hapa mnabaki kwa sababu hamna pa kwenda." Verna alicheka tu, akanifungia kipande niende nacho.

Sasa wakala anayenitafutia mikataba amenipeleka wapi? Kule kule, wodi ile ile. Siku ya kwanza, kwa mazoea, nikaandika jina langu kwenye ubao wa zamu, mahali pangu pa zamani, chini ya la Verna. Rhonda, niliyeanza naye kazi, akalifuta kwa kiganja. "Wageni huandikwa mwisho, mama. Au huko ulikokuwa wamekusahaulisha?"

Kwetu, wodi nyingine ikipungukiwa wauguzi, wa mkataba ndiye anayetolewa kwanza. Jumanne walihitaji mtu ghorofa ya chini na zamu ya kwenda ilikuwa yangu, lakini nilikuwa nimemshika mkono Bwana Ostrander, mkulima mzee anayekata roho, mwanawe bado yuko njiani. Verna akachungulia. "Kaa hapo. Nitakwenda mimi."

Rhonda akapaza sauti, "Na magoti hayo? Yeye ndiye analipwa zaidi!"

"Magoti yangu hayajakutuma uyasemee."

Akaenda, mwanamke wa miaka sitini na moja, saa kumi na mbili za kusimama. Mwana alifika baba bado anapumua.

Meneja anasema ipo nafasi ya kudumu, nijibu Ijumaa. Naitaka mno, nimechoka kumlaza mtoto moteli. Ila anayeomba huhojiwa na wauguzi wa wodi wenyewe, na Verna na Rhonda watakuwa mezani, nami naona aibu, nafikiri nisaini mkataba wa mbali nijiondokee. Nakuomba unitumie haya: maneno ya kumwambia Verna, jibu la kumpa Rhonda akiuliza kwa nini nimerudi, na ndiyo au hapana yako.

Muuguzi aliyerudi, Nebraska

*

Mama Emmett, ndiyo. Nimeanza na hilo maana ndilo lenye haraka.

Ulikosea vibaya. Watu wanakukatia keki, wewe unawakata wao! Tena ulisema uongo: muuguzi kama Verna anatafutwa kila hospitali. Alikuwa na pa kwenda, akachagua kubaki, na mimi namvulia kofia bila kumjua. Wala usijidanganye kwamba Jumanne ile alikusamehe. Alikwenda kwa ajili ya Ostrander. Kama amekusamehe hujui, kwa sababu hujamwomba.

Lakini nawe, pole. Kulea peke yako moteli si mchezo, na mkono wa mzee yule hukuuachia. Hilo Verna ameliona.

Maneno sikutumii, unayo tayari. Uliyasema mbele ya wote, basi yafute mbele ya wote: kesho saa moja asubuhi mkipokezana zamu, kabla ripoti haijaanza. Yarudie kama ulivyoyasema, useme ulikosea, unyamaze. Usilie. Usimtaje mtoto, usitaje nafasi. Rhonda akiuliza kwa nini umerudi, mjibu, "Nataka kujifunza kwa Verna kabla hajastaafu." Akicheka, mwache acheke.

Mchana huo mpelekee meneja fomu ya kuomba nafasi. Wakikukataa, ni haki yao, maliza wiki zako vizuri na uombe tena mwakani. Ila usiwakimbie kabla hawajapata nafasi ya kukukubali.