Vifaranga Watatu Wenye Manyoya Laini

Rumonge, Alhamisi. Mvua imenyesha asubuhi, kisha jua likatoka juu ya ziwa. Moyo wangu nao umefuata mwendo huo huo.

Ninakiri kwako, ewe shajara, kwa lugha iliyo wazi: leo nilikusudia kudanganya.

Mdachi tunayemwita Bwana Bustani, mkuu wa shamba la majaribio kule Usumbura, hufundisha watu wachache elimu ya urithi, yaani jinsi maumbile ya wazazi yanavyowafikia watoto. Mimi sikusoma shule yoyote. Herufi nilijifunza mwenyewe, nami huwaandikia watu wa pwani hii barua zao za maombi. Nilimwomba mara tatu anipokee. Hatimaye akajibu: niwafungie peke yao jogoo na tetea, wote wawili kidimu, na atakapopita Rumonge nimwoneshe vifaranga wao.

Kidimu ni kuku ambaye manyoya yake yamejikunja kuelekea kichwani. Hapa kwetu kila mtu humtaka, kwa kuwa husemwa kwamba hufukua uchawi uliofukiwa uani. Nilikuwa na yakini kwamba kidimu kwa kidimu huzaa kidimu.

Vifaranga walipoota manyoya, yakini hiyo iliniponyoka. Sita ni kidimu. Watatu wana manyoya laini kama kuku wa jirani yeyote. Wawili wako karibu uchi, wanatetemeka hata juani.

Jirani yangu mshona nyavu alicheka hadi akaangusha sindano. "Karani, mwandikie jogoo barua," akasema. "Pengine hakuelewa ombi."

Nilimuuliza mke wangu, Mama Zaina, kwa maneno ya adabu kadiri nilivyoweza, kama jogoo mwingine hakupata kupenya bandani. Alimaliza kwanza kuchambua ndagala zake, dagaa wa ziwa letu. Kisha akasema kwamba mlango ule huufunga yeye, kwa kamba ya wavu, na hakuna aliyepita.

Asubuhi hii, habari ilipofika kwamba Bwana Bustani yuko ufukweni, nikatia wale sita tengani, nikawaacha wengine.

"Na hawa iko batoto ya nani?" Mama Zaina akauliza taratibu.

Nikalifungua tena tenga.

Tukawachukua wote. Wale wawili wa uchi akawafunika kwa ncha ya kanga yake, tukashuka pamoja hadi ufukweni, kwenye hema la Bwana Bustani.

Akawashika mmoja mmoja. Alipofika kwa wale laini akaniuliza kama jogoo mwingine aliingia. Ningesema ndiyo, aibu ingenitoka mimi na kumwangukia aliyesimama nyuma yangu.

"Hapana, Bwana," nikasema. "Banda hulifunga mke wangu, naye hakosei."

Uso wake ukafunguka kwa furaha. Akaeleza kuwa anadhani kila mzazi amebeba mafungu mawili, moja la kujikunja na moja la ulaini, naye humrithisha mtoto moja tu. Anayepata la ulaini kwa baba na kwa mama huwa laini, ingawa wazazi wote ni kidimu. Anayepata la kujikunja pande zote mbili hukunjika kupita kiasi, manyoya yakakatika. Kama ningemletea wale sita tu, alisema, angejua nimewaficha wengine, naye angeniaga pale pale.

Nimekubaliwa.

Mashua yake inaondoka kesho. Jioni hii nilikaa kumwandikia Mama Zaina ombi rasmi, kwamba akiridhia afuatane nami Usumbura. Nilikuwa nimefika "Kwa heshima na taadhima" nilipotazama mlangoni: mizigo imekwisha kufungwa, na tenga la kuku liko juu yake. Anasema mimi siwezi kumtofautisha kuku anayetaka kutaga na kuku mwenye mafua.

Ni kweli, siwezi.

Ombi nitalimaliza hata hivyo. Anastahili kuandikiwa vizuri.