Foto Ndefu ya Kupeleka Kinshasa

Siku ya kwanza ya kazi, 23 mwezi wa ine 2001

Mvua tena. Unga wangu wa muhogo ulikaa sokoni chini ya plastiki, nimeuza kidogo tu. Nimerudi na matope mupaka magoti. Nimekuta Nsimire ametandaza foto juu ya meza yote. Tumekula tukishika sahani mikononi kama watu wa matanga.

Sikasiriki. Mutoto wangu anatengeneza foto ndefu. Foto za ndoa na za komunio anazijua tangu zamani, mutaa wetu wote wa Nyalukemba hakuna mwenye kumushinda, hata wanaume. Hii ni kazi ingine. Unapiga foto moja, unageuka kidogo, unapiga ingine, unageuka tena. Kisha unaziunganisha na gundi mupaka muji wote unalala juu ya karatasi moja. Hakuna mwenye alimufundisha. Aliona picha ya namna hiyo kwenye kalenda ya parokia, akaisogelea, akasema: "Maman, hii si foto moja." Macho hayo ameyatoa kwangu.

Ni ya baba yake. Papa Nsimire alitumwa Kinshasa kwa kazi ya Serikali, vita ikaanza, njia ikafungwa. Yeye kule, sisi huku. Mwaka wa tatu sasa. Barua yake ya mwisho ilizunguka Nairobi mbele ya kufika. Anasema kila asubuhi anafunga macho na kutembea Bukavu ndani ya kichwa. Anafuata ziwa, anafuata, kisha anafika mahali anapotea. Hajui tena kinachofuata.

Mimi nililia. Nsimire hakulia. Alifungua kabati, akatoa apareyi ya foto ya baba yake.

Masera Agata, mutawa wa parokia yetu, atasafiri Kinshasa katikati ya mwezi wa tano, kwa njia ile ile ya kuzunguka Nairobi. Amekubali kubeba foto ndefu.

Siku ya tatu, 25 mwezi wa ine

Majaribio yote mawili yameharibika.

Ya kwanza aliishika apareyi na mikono. Kila foto imeinama kidogo. Ukiziunganisha, ziwa linateremka, unaona kabisa litamwagikia Rwanda. Nilicheka. Nilikosea kucheka.

Ya pili, wingu lilipita katikati ya kazi. Nusu ya muji iko saa sita mchana, nusu iko jioni. Na muuzaji mumoja wa makala ya kupikia, mwenye kusukuma kinga yake, baisikeli ya kubebea magunia, alikuwa anatembea upande ule ule Nsimire alikuwa anageukia. Basi yuko mara mbili, yeye na kinga yake. Nimemukuta sokoni nikamwambia kwetu wako mapacha. Hakuelewa.

Sasa Nsimire ameelewa makosa. Apareyi isishikwe, ikae juu ya kitu kizito. Amechukua kinu changu, amekigeuza chini juu, na atakuwa anazungusha kinu chenyewe pole pole. Anaweka chupa ndogo yenye maji nusu imelala juu yake. Maji yakilala sawa, na ziwa litalala sawa. Na kila foto ibebe kipande cha ile imetangulia. Nikamwambia: kama mabati ya nyumba, moja inalala kidogo juu ya ingine, kama sivyo mvua inaingia. Akasema ndiyo, Maman, sawasawa hivyo. Basi na mimi niko fundi.

Sombe hakuna wiki hii, majani ya muhogo yatangoja. Kinu kiko kazini.

Siku ya posho, kesho yenga, 28 mwezi wa ine

Tumepanda mulimani Kadutu asubuhi. Mbingu imeoshwa, milima ya ng'ambo unaweza kuhesabu miti. Kinu nilikibeba mimi juu ya kichwa. Watu wanauliza: "Maman Nsimire, munahama?" Nikajibu tunaenda kutwanga muji.

Nilivaa liputa yangu ya Pasaka, kitenge cha manjano chenye ndege za kijani, na kitambaa cha kichwa nilikifunga kirefu. Nsimire aliniangalia kichwa mupaka miguu, akarudia apareyi yake. Alikuwa na foto saba tu zimebaki ndani ya filme, zingine komunio zilizikula.

Katikati ya muji, kutoka pale juu, kuna kambi ya basoda, wale wanashika muji na bunduki tangu vita, na antena yake. Siku hizi hatuangaliagi upande ule. Nsimire alisema ni mbali, itaonekana kama kiberiti. Tukageuza kinu, akaweka chupa.

Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa nyuma yake kama alivyoagiza. Na pale nikafikiri: huyu mwanaume wangu kule Kinshasa ataona kila bati la Bukavu na hataona mimi. Atafikiri nimekonda. Nikapita mbele, nikaweka mukono kiunoni. Akakuwa amekwisha kubonyeza.

"Maman! Utoke mu foto!"

"Sitoki. Ziwa lilimuzalia baba yako watoto?"

"Nilitaka muji, Maman, muji tu, bila batu!"

"Muji bila batu ni makaburi."

Akapiga zile tatu za mwisho bila kuniangalia. Tumeshuka kila mutu upande wake wa njia. Kinu kilikuwa kizito kuliko asubuhi.

Nimemuharibia. Najua. Lakini siombi musamaha leo.

Siku ya kwanza ya kazi, 30 mwezi wa ine

Wamemukamata Nsimire.

Alienda kuchukua foto kwa mwenye kuzisafisha, kule muji. Hakungoja kufika nyumbani. Alizipanga moja kando ya ingine pale pale juu ya meza ya muteja. Kulikuwa soda mumoja wa kambi alikuja kuchukua foto zake za kitambulisho. Akaangalia, akasema: hii ni karte, ramani ya vita, unaipelekea nani? Mutoto hajui kudanganya. Akasema: Kinshasa.

Kinshasa! Kwa watu wenye kupigana na Kinshasa!

Maman Zawadi jirani ndiye alikuja kuniambia. Niliwasha moto. Halafu nikapika chakula cha kumupelekea.

Siku ya pili, 1 mwezi wa tano

Nimeshinda kwenye barrière, mbele ya mulango wa kambi. Bugali walipokea, na samaki ndogo za ndagala. Mimi hapana. Soda wa mulango ni kijana, ana uso wa mutu mwenye hajalala. Nikamwambia mwenye mumefunga ndiye fotografe wa kwanza wa Nyalukemba. Akasema: "Mama, usiseme hivyo hapa. Sema ni mutoto tu."

Nikasema ni mutoto tu. Mimi, kusema vile.

Sahani ilirudi tupu. Sijui nani alikula.

Siku ya tatu, 2 mwezi wa tano

Yuko hapa. Analala. Niandike pole pole, nisimuamushe.

Komanda aliniita asubuhi. Mwanaume wa umri wangu, anakohoa. Nsimire alikuwa amesimama kwenye ukuta, nguo zile zile, midomo imekauka. Foto saba zilipangwa juu ya meza. Vizuri sana, nikaona kwa mara ya kwanza. Ziwa limelala sawa! Kona hata moja haikuachana! Moyo ukanipanda hata pale, Mungu anisamehe.

Komanda akaweka kidole mwanzo wa ziwa, akafuata, akafuata. Alikuwa anatafuta kambi yake. Alifika foto ya ine. Kambi hakuna. Kuna liputa ya manjano, kuna kitambaa cha kichwa, kuna mukono kiunoni. Antena imeingia yote nyuma ya kitambaa changu.

"Huyu mama ni nani?"

"Ni mimi, komanda."

"Simama kama pale."

Nikasimama kama pale. Mukono kiunoni. Basoda wakaanza kucheka. Komanda hakucheka mara moja. Akauliza Nsimire: "Mupelelezi gani anaweka mama yake mbele ya kitu anakuja kupeleleza?"

Nsimire akasema kwa sauti ndogo: "Nilimwambia atoke. Hasikiagi."

Hapo komanda alicheka mupaka kikohozi kikamushika. Nikamwambia anywe asali na ndimu. Akasema mama yake pia hasikiagi, yuko mbali, hajamuona tangu vita ianze.

Apareyi alirudisha. Foto sita alirudisha. Filme hapana. Na foto ya ine hapana, kwa sababu kando ya kiwiko changu kunaonekana pembe ya bati la kambi. Akaitia ndani ya saraka.

Tumerudi kwa miguu. Nsimire alinishika mukono njia yote, kama wakati wa masomo ya kwanza.

Siku ya tano, 4 mwezi wa tano

Anakula. Haongei sana. Usiku anaita. Naenda kulala kando yake.

Foto sita ziko juu ya meza, na katikati shimo. Kupanda tena Kadutu na apareyi, hapana. Nimekataza, na yeye hakuomba.

Ndiyo pale Papa Nsimire atapotea. Pale pale.

Siku ya posho, 12 mwezi wa tano

Jana yeye mwenyewe aliniambia: "Maman, vaa liputa ya Pasaka."

Alinisimamisha uani, mbele ya ukuta. Mukono kiunoni. Alikuwa ameomba filme kwa rafiki yake. Alipiga mara moja tu. Mikono yake haikutetemeka, niliangalia hiyo.

Leo foto imetoka. Amenikata na wembe wa gilete kuzunguka mwili wote, hata ncha ya kitambaa, na akanigandisha ndani ya shimo. Mabega yangu yanalala kidogo juu ya foto ya tatu na kidogo juu ya foto ya tano. Kama mabati.

Alikuwa karibu mno na mimi pale uani. Nimetokea mukubwa. Kichwa changu kinapita milima ya ng'ambo, na musitari wa ziwa unaingia kwenye kiuno upande huu, unatokea upande ule. Nsimire anasema vipimo vimekosa, siku ingine atajua. Mimi nimeangalia muda murefu. Sioni kosa.

Siku ya yenga, 13 mwezi wa tano

Baada ya misa tumempa Masera Agata. Ameikunja kama pazia, kwenye viungo, akaitia ndani ya kitabu chake kikubwa cha nyimbo. Anasafiri kesho.

Mvua kidogo. Nsimire anatwanga sombe uani, nasikia kinu.

Nafikiri namna ataifungua. Ataanza upande wa kushoto, ninamujua, na kidole. Atafuata ziwa pole pole, nyumba kwa nyumba. Na pale alikuwa anapotea, atanikuta.