Kikombe Chako cha Uzi Mwekundu

Nduku wangu,

Jana walikuja wale watatu wa ushirika wetu, wale uliokuwa ukiimba nao kwaya. Walivua viatu mlangoni, wakaketi kwenye kitanda chako, wakasema wametumwa na upendo. Niliona kinyaa, rafiki yangu. Hata leo bado ninacho, ndiyo maana nakuandikia wewe badala ya kwenda kuwatukana.

Tangu utuache ni mwaka mmoja na zaidi. Chumba ni kilekile hapa Kitengela, kazi ni ileile ya kukata maua Isinya, na maji yanayoletwa na punda bado yana chumvi. Kilichobadilika ni mimi. Nimejifunza dini ya Kikatoliki, na Jumapili hii nitapokelewa kanisani na kula Komunyo kwa mara ya kwanza. Najua unacheka, wewe uliyeniita mlokole wa pasi kwa vile nilinyoosha hata kitambaa cha kichwa siku ya ibada.

Wao hawakucheka. Mama Kevo, kiongozi wetu wa maombi, aliniuliza, "Si wewe umeokoka? Sasa unaenda kupigia sanamu magoti?" Mwingine akasema nimerogwa na rozari. Kanini, yule wa tatu, akalia, eti wananipoteza. Nduku, ulilala miezi minane kwenye kitanda hicho walichokikalia, na hakuna hata mmoja aliyevuka kizingiti. Walikuombea kanisani kwa jina, kwa sauti, wakitaja na dhambi iliyokuletea ule ugonjwa. Nilikuwa hapo. Nikasema amina.

Hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko yote. Wao naweza kuwatemea mate nikapumua. Mimi nitajitemea wapi? Mama Kevo alinionya nisichanganye vyombo, nami nikafunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe chako cha bati, nikakitundika kwenye msumari wake, mbali na vingine. Uliuona siku hiyohiyo. Ukaniambia, "Ni sawa, hata mimi ningefunga." Tangu hapo ukawa unakiosha mwenyewe, umeegemea ukuta, mpaka mikono ikakataa. Kikulacho ki nguoni mwako, Nduku, na wako nilikuwa mimi.

Halafu ikaja ile Alhamisi. Wanawake wa jumuiya ya Wakatoliki, ambao hatukuwa hata tukiwasalimia vizuri, walibisha hodi wakaomba kufua mablanketi yako. Alikuwepo Koko, yule bibi wa Kimaasai anayetuuzia maziwa, rozari imepotelea kwenye shanga zake za shingo. Akakusalimu "Takwenya," ukaitikia "Iko" kwa lafudhi yako ya Kikamba, akafurahi sana. Nilipomimina chai kikapungua kikombe kimoja. Koko akainuka, akachukua kile cha msumarini, akaninyooshea. Nikamnong'oneza kwamba hicho ni cha mgonjwa. Akasema, "Hata mimi niko mgonjwa ya miguu. Weka chai." Akanywa akamaliza. Wewe ukageukia ukuta. Nilidhani umelala, kumbe mabega yanatikisika.

Tulipokwisha kukuzika kwenu, nilimtafuta Koko nikamwambia Jumapili anipitie. Mengi bado siyaelewi. Katekista wetu anafoka kama mnyapara, magoti yananiuma, na huko nako umbea upo, usidhani nimehamia mbinguni. Lakini nilitaka kujua mtu anajifunzia wapi kunywa vile.

Jana niliwapikia wageni chai. Vikombe vizuri nikawapa wao, chako nikachukua mimi. Tangu ufe sikuwahi kukigusa ila kukifuta vumbi. Nilikunywa mbele yao. Kanini akauona uzi. "Si hii ndio ile kikombe yake?" Wote watatu wakaweka vyao chini, na chai ikakaa hapo mpaka ikaota ngozi. Wamekuja kuniokoa na moto wa milele, wanaogopa chai. Mlangoni Mama Kevo akaniambia, "Ukienda huko Jumapili, usituhesabu tena. Hata ukifa." Hao ndio watu pekee nilio nao hapa, Nduku. Sina ndugu Kitengela. Nimelia, halafu nimeimwaga ile chai yao nje.

Nitaenda. Koko atasimama nyuma yangu kama msimamizi wangu, ameweka mkono begani. Lakini kabla ya hapo, Jumamosi, lazima niungame, na katekista ametuambia kila mtu aandae dhambi zake. Yangu ninayo tayari, na ina uzi. Padri atanisamehe, ndiyo kazi yake. Ila kikombe hakikuwa cha padri. Ndiyo maana nimeanza kwako.

Nisamehe, rafiki yangu. Msumari nimeung'oa asubuhi hii. Uzi nimeuacha kwenye kikombe, na nakuahidi kwamba siku zangu zote chai yangu nitainywea humo. Lala salama.

Ni mimi niliyeufunga,
Mwende