Mstari Unaopumua

Madina, Accra

Mpendwa Dada Dzifa,

Pokea salamu za mdogo wako. U hali gani, na watoto je? Mama amepona kifua? Mimi naendelea. Nimepata kazi, Dada. Usipige kigelegele kwanza, soma mpaka mwisho. Nimeandika kwa sababu kwenye simu sauti ingenisaliti.

Ile studio ya katuni niliyokutajia ilitaka kila mwombaji alete video fupi ya kazi zake, pamoja na michoro ya watu aliowachora kwa kuwatazama wakiwa kwenye shughuli zao. Basi nikawa nashinda sokoni nikichora wauza madonge ya kenkey na wabeba mizigo. Mama mmoja akaniuliza kama nimetumwa na serikali kuvunja vibanda. Nilipomwonyesha mchoro, akasema pua ile si yake, niipunguze.

Naa Korkoi, ninayepanga naye chumba, ndiye aliyekuwa hakimu wangu. Alisomea katuni kabla yangu na hana huruma. Joka langu la moto nililolihangaikia mwezi mzima alilitupa nje. Akasema kila mwombaji ana joka, ila bibi anayechekecha unga wa muhogo hajamwona kwa mwingine, huyo aje mwanzo. Kisha akauliza mbona mistari ya bibi imekatikakatika, niisafishe. Nikamjibu huo ni mtindo wangu, aache ushamba. Akacheka, akaniita profesa.

Siku ya usaili nilikaa mbele ya watu watatu. Video ilipofika kwa yule bibi, mkuu wa wachoraji, Bwana Agbenyega, akaisimamisha. Nikajua nimekwisha. Akasogea karibu na kioo, akawaambia wenzake wautazame mstari ule, unapumua. Vijana wa siku hizi wananyoosha kila kitu kama bati, huyu kauacha hai. Akauliza nani alinifundisha kuchora hivyo. Nikasema nimejifundisha mwenyewe. Akanipa karatasi nimchore yeye papo hapo. Nikachora, nikingoja mtu aulize kuhusu mkono wangu. Hakuna aliyeuliza. Walitabasamu tu. Naanza kazi mwezi ujao.

Dada, ule si mtindo. Mkono wangu wa kulia unatetemeka. Ulianza wakati wa mvua, kwanza kwenye kikombe, baadaye kwenye kalamu. Shavu la yule bibi nililirudia mpaka machozi yakanitoka, mstari ukakataa kunyooka. Unajua ninachokiogopa. Baba naye alianza hivi hivi, wembe ukiwa mkononi. Wateja wakawa wanasema watapita kesho, hawapiti, mpaka akalifunga banda lake la kunyolea, nasi tukawa tunamlisha kwa kijiko. Yeye alikuwa mtu mzima, mimi bado kijana. Najiambia hivyo kila asubuhi. Leo wanaupenda mtetemo huu. Ukizidi, watauitaje?

Alhamisi ya wiki ijayo nina miadi hospitali. Njoo unisindikize, maana nikiwa peke yangu nitageuzia mlangoni. Mama usimwambie bado. Na kabla hujaikunja barua hii, nyoosha mikono yako mbele yako, uitazame vizuri. Kisha niambie ukweli, usinionee huruma.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na shemeji mfikishie heshima zangu.

Mdogo wako akupendaye,
Etornam