Krimu Juu ya Krimu

Jumatatu, 4 Agosti

Kiraka cha tatu ukutani. Fundi Musyoka amepaka, amesimama kando, anangoja nikubali. Sikukubali. Dukani rangi ilikuwa krimu safi. Hapa Sultan Hamud jua likipiga udongo mwekundu wa nje na kuingia dirishani, inageuka waridi. Siitaki.

Mwaitu, mama yangu, anakuja Jumamosi kutoka Kyuso. Macho yake yameingia ukungu na daktari hana la kuongeza. Amekubali kujaribu kukaa kwangu wiki mbili tu. Akikataa kubaki, anarudi kuishi peke yake na jiko la mawe matatu. Mwezi uliopita alijichoma mkono. Naogopa.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata! Krimu iliyokolea kidogo. Kuta, milango, fremu, vyote rangi moja, hakuna kinachogombana na kingine. Jirani amesema ni kama hoteli. Nimevimba kichwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Amefika. Alipapasa ukuta wa korido mpaka mwisho, akarudi. "Mwana wakwa, kwani mliziba milango?" Nikacheka. Nilidhani ni utani. Begi lake ameliweka kando ya kitanda, zipu imefungwa.

Jumatatu, 11 Agosti

Amegonga paji la uso kwenye mlango uliokuwa nusu wazi. Pamevimba kama limau. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, jikoni, nimefungua bomba asinisikie.

Kila akitaka choo lazima aniite nimshike mkono, na anaona aibu. Jioni amesema kule Kyuso anajua kila kitu kilipo. Hajagusa ile zipu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemkasirikia siku nzima. Halafu nikajikasirikia mimi. Nyumba nzuri hivi, anataka nini tena?

Jumatano, 13 Agosti

Alikuja na ndengu zake za shambani, kijani kibichi. Nimempa sinia ya kijani azichague. Ameisukuma. "Lete nyeupe. Ndengu kwa kijani nitazionaje?"

Kwenye nyeupe vidole vilienda vyenyewe, ndengu huku, takataka kule. Nilibaki na sinia ya kijani mkononi. Krimu juu ya krimu. Kumbe ni kweli, milango niliiziba mimi. Mjinga mkubwa.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemrudisha fundi. Amepaka vipande vya mbao rangi mbalimbali, nikaviegemeza ukutani, na Mwaitu kwenye kiti chake akaonyesha kwa kidole vinavyoonekana kwake. Mlango wa chumba chake, bluu nzito. Mlango wa choo, mweusi.

Musyoka ameguna. Eti hizo rangi haziendi na krimu, watu watamcheka. Nimemwambia apake. Hii isipofaa, sina jambo lingine.

Jumapili, 17 Agosti

Rangi imekauka. Tulipotoka kanisani nilikaa sebuleni kumenya viazi. Mwaitu akainuka. Hakuniita. Nikasikia slipa zake kwenye korido, polepole, kisha zikasimama. Mlango mweusi ukafunguliwa, ukafungwa. Baadaye slipa zikarudi mpaka kwenye bluu.

Sikuinuka. Viazi nimemenya vingi kuliko tutakavyokula.

Jioni nimeingia kumwekea maji ya kunywa. Begi liko tupu, limekunjwa juu ya kabati. Leso zake tatu zimening'inia msumarini.